Kimya Kilichovuka Mpaka

Katika Shirikisho, nchi ambayo wewe msomaji hujawahi kuishi humo wala huijui, mahakama zinafanya kazi bila kelele. Hakuna shahidi anayetoka jasho, hakuna wakili anayepiga meza, hakuna ndugu wanaolia kwenye benchi. Mshtakiwa anaingia, anakiri, anashukuru, anaondoka. Ukumbi mkubwa wa kusikilizia kesi, wenye dari ya mninga na ngao ya taifa ukutani, siku hizi unakodishwa kwa harusi. Bwana harusi hukalishwa kizimbani, maana ndipo penye kiti kizuri.

Wageni wakituuliza imekuwaje watu wetu wakawa wakweli kiasi hiki, tunawajibu kwa unyenyekevu kwamba ni sheria tu. Ukikana kosa na kutaka kesi isikilizwe, hiyo ni haki yako, imo kwenye Katiba. Ukishindwa, utafungwa miaka thelathini. Ukikiri mapema, kabla hujamchosha mtu, utarudi nyumbani kupika. Serikali haimlazimishi yeyote. Inamwonyesha milango miwili, inamwambia upi una simba, kisha inamwachia achague kwa uhuru wake.

Mambo ya Bi Mwatumu Nyoni yalianzia karibu na uwanja wa Jimbo la Kati, siku Rais alipokuja kutuhutubia juu ya umuhimu wa kusikiliza. Alikuwa ameanza asubuhi. Jua lilishapita utosini na bado alikuwa kwenye utangulizi, vipaza sauti vilipokohoa mara moja vikanyamaza. Uwanja mzima ulijua sababu. Asubuhi ile dereva wa Mkuu wa Jimbo alionekana akinyonya mafuta ya jenereta kwa mpira na kuyamimina kwenye madumu, mbele ya bendi ya shule, ambayo ilisogea kidogo ili kumpa nafasi.

Bi Mwatumu alikuwa ng'ambo ya barabara anachoma vitumbua. Kimya kilipotua, aliinua uso kutoka kwenye chuma chake akasema neno moja.

"Afadhali."

Koplo Mbwiga alikuwa amesimama hapo hapo akisubiri vitumbua vyake. Alisikia kwa masikio yote mawili. Alikula kwanza, kisha akamkamata.

Kwa kawaida mwanamke aliyesema afadhali ni kazi ya hakimu wa jimbo, ambaye humkemea na kumwachia. Lakini hotuba ile ilikuwa ikirushwa moja kwa moja redioni. Vipaza sauti viliponyamaza, redio nayo ilinyamaza, na kile kimya kikaondoka Jimbo la Kati, kikavuka daraja, kikaingia Jimbo la Mashariki bila kibali. Na kitu chochote kinachovuka mpaka wa jimbo, hata kama ni kimya, ni mali ya Shirikisho. Kwa hiyo Bi Mwatumu alishtakiwa na Serikali Kuu kwa kosa la Kuhujumu Sauti ya Taifa kwa Kukata Waya. Waya wenyewe ulipatikana mzima kabisa, na wataalamu wa serikali walieleza kwamba jambo hilo linaonyesha ustadi wa mshtakiwa.

Akiwa mahabusu, Bi Mwatumu hakuwaza waya. Aliwaza tumbo la Mwanahawa, binti yake wa pekee, aliyekuwa na mimba ya kwanza na amesharudi kwao kujifungua, kama ilivyo desturi yetu. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake mzaa mama. Bibi ndiye humwogesha, ndiye humkanda mzazi kwa maji ya moto, ndiye hukaa mlangoni mpaka arobaini ipite. Sasa bibi alikuwa nyuma ya nondo, na Mwanahawa alibaki na mumewe Kassimu, mwalimu mpole aliyejua milima yote ya dunia na hakujua kuchemsha maji ya mzazi.

"Hongera, mama yangu!" alisema Wakili Mkondya, siku alipokuja kumwona. Huyu ndiye wakili wa utetezi ambaye Serikali Kuu humpa kila mshtakiwa. Ana uso wa furaha wakati wote, kama mtu anayepigwa picha. "Nimekuletea makubaliano mazuri. Wanalifuta lile kosa la miaka thelathini. Wewe unakiri kosa dogo, Kukata Waya Pasipo Kinyongo, unapewa kifungo cha nje, unakwenda zako kwa binti."

"Lakini baba, mimi sikukata waya."

"Hilo tutalizungumza ukishakiri."

"Nikitaka kesi isikilizwe?"

Wakili Mkondya alicheka kwa heshima, kama vile mtu amemtania mama yake. "Isikilizwe wapi, mama? Ukumbi una maharusi. Na kesi yenyewe nani anaijua? Mimi nilisoma shuleni kwamba shahidi huulizwa maswali, lakini sijawahi kuona anavyoulizwa. Ningekuaibisha bure."

Bi Mwatumu alifikiri kidogo. "Na haya makubaliano yanamfunga nani?"

"Wewe."

"Na serikali?"

"Serikali inaahidi kujitahidi."

"Na jaji?"

"Jaji hafungwi na kitu, mama yangu. Anaweza kuyasoma, akayapenda, kisha akakupa adhabu anayoitaka yeye. Ndiyo maana anaitwa jaji."

"Kwa hiyo katika watu wote tutakaokubaliana, aliyekubali ni mimi peke yangu?"

"Umeelewa haraka sana!" alisema Wakili Mkondya, na macho yake yakang'aa. "Wengine hunichukua wiki."

Bi Mwatumu alilia kidogo, akafuta uso kwa upindo wa kanga, akakubali.

Ukweli ni kwamba sheria zetu zina huruma. Iko sheria ya zamani inayomkataza jaji kupokea ungamo tupu. Lazima mshtakiwa asimulie kwa kinywa chake jinsi alivyotenda kosa, hatua kwa hatua, ili asije mtu asiye na hatia akakiri jambo ambalo hakulifanya. Shirikisho linaiheshimu sana sheria hii. Ndiyo maana likaanzisha mafunzo.

Mafunzo hutolewa katika ofisi ya mwendesha mashtaka. Wa Jimbo la Kati anaitwa Bwana Gwasa, mtu nadhifu mwenye suti ya vipande vitatu, ambaye ametunukiwa nishani kwa kutoita shahidi hata mmoja maishani mwake. Siku ya mafunzo alifunga kamba ya kuanikia nguo kwenye kitasa cha dirisha, akampa Wakili Mkondya ashike ncha ya pili, akachukua mkasi mezani kwake akamkabidhi Bi Mwatumu.

"Huo ndio waya," alisema. "Simulia."

"Nilikuwa nachoma vitumbua," alianza Bi Mwatumu.

"Hapana. Ulikuwa chini ya jukwaa. Mkononi ulishika nini?"

"Mwiko."

"Mama, mwiko haukati waya."

"Ndicho ninachokwambia tangu tulipoanza, Bwana mkubwa."

Bwana Gwasa alivuta pumzi. Ni mtu mvumilivu, amefundisha wengi. "Ulishika mkasi. Ukasimama kushoto. Kata."

Bi Mwatumu alikata.

"Huo ni mkono wa kulia! Kulia palikuwa na bendi ya shule, wangekuona. Mkondya, funga tena. Mama, kushoto!"

Alikata tena. Safari hii alisahau kutazama pande zote mbili, kama wafanyavyo wahujumu. Kamba ilifungwa upya. Alikata bila kusema maneno ambayo serikali inajua aliyasema wakati wa kukata. Kamba ilikuwa sasa imejaa mafundo, na Wakili Mkondya alikuwa amesogea karibu sana na dirisha.

"Ulijisikiaje?" aliuliza Bwana Gwasa.

"Miguu inauma."

"Siku ya tukio, mama! Ulijisikia chuki."

"Si tumesema pasipo kinyongo?"

"Chuki isiyo na kinyongo."

"Hiyo ikoje, Bwana mkubwa?"

Bwana Gwasa alimtazama wakili. Wakili alitazama juu, akasema, "Kama ya mama mkwe siku ya sikukuu."

"Ah," alisema Bi Mwatumu. "Hiyo naijua." Akakata vizuri sana.

Walipomaliza, Bwana Gwasa alikunja kamba, akampigia makofi, kisha akaketi na kuweka sauti ya chini, ile ambayo watu wa serikali huitumia wakitaka kukufanyia wema.

"Limebaki jambo moja. Mwanamke wa vitumbua hawezi kuwaza hujuma peke yake. Jaji atauliza nani alikutuma. Ukitaja jina, jioni ile ile uko kwako. Usipotaja, serikali itaona hukuisaidia, na makubaliano nayachana."

"Nimtaje nani mimi? Hakuna aliyenituma."

"Mkweo, Mwalimu Kassimu."

Bi Mwatumu alishika ukingo wa meza. Hapa inafaa nieleze kwamba Mwalimu Kassimu alikuwa na doa tayari. Aliwahi kuwafundisha watoto kwamba Mto Mkuu unatiririka kuelekea baharini, wakati ramani mpya inaonyesha wazi kwamba unatiririka kuelekea kijijini kwa Rais.

"Bwana Gwasa, huyo ni baba wa mjukuu wangu."

"Ndiyo maana watu wataamini."

"Mtoto azaliwe baba yake yuko gerezani?"

"Naye atapewa nafasi ya kukiri, mama. Hatumbagui mtu."

Asubuhi ya kufika mahakamani, Wakili Mkondya alimpokea mlangoni akiwa na furaha maradufu. "Mama yangu, habari njema! Uchungu umemshika binti tangu alfajiri. Ukisema vizuri, unamkuta."

"Yuko na nani?"

"Na mumewe. Nasikia amechemsha maji, ila amesahau kwa nini."

Siku hiyo ukumbi mkubwa ulikuwa na harusi, kwa hiyo shauri lilisikilizwa katika chumba cha kuwekea makoti. Jaji Lumuli, mama wa makamo mwenye wigi lililopauka, aliketi juu ya sanduku la vyombo. Taarabu ilipenya ukutani, na kila shangwe ilipopanda, jaji alisubiri ishuke.

"Mshtakiwa, umekula kiapo cha kusema kweli. Je, kuna mtu amekutisha?"

Bi Mwatumu alimtazama wakili wake. Wakili alitikisa kichwa kukataa, kwa tabasamu.

"Hapana, Mheshimiwa. Nimeelezwa tu habari za miaka thelathini."

"Vizuri. Je, umeahidiwa chochote?"

"Hapana. Nimeahidiwa kurudi nyumbani tu."

"Unaelewa kwamba ukikiri unaacha haki ya kusikilizwa, haki ya kuwauliza mashahidi na haki ya kukata rufaa?"

"Naelewa. Nilikuwa sijui ninazo. Nimezijua leo nikiziacha."

"Mahakama imeridhika kwamba anakiri kwa hiari," alisema Jaji Lumuli, na Bwana Gwasa akainamisha kichwa kwa adabu.

"Mheshimiwa, nina swali," alisema Bi Mwatumu. "Nikisema uongo humu ndani itakuwaje?"

"Makubaliano yatavunjika, na utashtakiwa upya kwa kusema uongo chini ya kiapo."

"Hata uongo mdogo? Hata jina la mtu?"

"Hasa jina la mtu."

Bi Mwatumu alimfikiria Mwanahawa, anauma shuka mahali fulani upande wa pili wa mji. Alimfikiria Kassimu na sufuria lake la maji. Kisha alimtazama Bwana Gwasa, suti yake na mkasi uliochungulia kwenye mkoba wake, na uso wake ukatulia kama wa mtu aliyekumbuka alipoweka funguo.

"Basi niulize, Mheshimiwa. Nitasema kweli tupu."

"Ulikata kwa kitu gani?"

"Mkasi."

"Uliupata wapi?"

"Alinipa Bwana Gwasa, mezani kwake."

Taarabu ilipanda ukutani. Safari hii jaji hakusubiri ishuke. "Nani alikwambia usimame upande wa kushoto?"

"Bwana Gwasa. Alisema kulia kuna bendi ya shule."

"Nani alikufundisha kukata?"

"Ni yeye, Mheshimiwa. Siku nzima. Nilipokosea alinirudisha. Mpaka chuki alinichagulia yeye, ila ile ya mama mkwe aliisema wakili wangu."

"Mheshimiwa, anasema kweli kabisa," alidakia Wakili Mkondya, ambaye alikuwa amezoea kuthibitisha kila kitu. "Mimi mwenyewe nilikuwepo. Ndimi niliyeshika ncha ya..."

Aliacha mdomo wazi. Tabasamu lilibaki usoni peke yake, mwenyewe ameshaondoka.

Mahali pengine, mwendesha mashtaka angecheka, angeeleza kwamba yale yalikuwa mazoezi, na jambo lingekwisha. Lakini Bwana Gwasa alikuwa mtaalamu. Kueleza ni kukana. Kukana ni kutaka kesi isikilizwe. Na yeye, kwa miaka yote ya utumishi wake uliotukuka, hakuwahi kumwona mtu aliyekana akirudi nyumbani. Jasho lilimtoka. Aliona pia kwamba Wakili Mkondya ameshaanza kunyoosha mkono.

"Nakiri!" alipiga kelele Bwana Gwasa.

"Nimewahi mimi!" alisema Wakili Mkondya.

"Umeshika kamba tu, wewe! Mheshimiwa, nakiri kwa hiari, sijatishwa, sijaahidiwa. Nikitaja mkubwa wangu, napata punguzo gani?"

"Inategemea ni mkubwa kiasi gani," alisema Jaji Lumuli, ambaye naye alikuwa ameanza kutazama mlango.

"Waziri wa Matangazo!"

"Unao uhakika?"

"Sina, lakini ni mkubwa sana."

Jaji Lumuli alikuwa mwanamke mwenye akili. Alijua kwamba katika Shirikisho bei nzuri hupewa anayewahi, na kwamba baada ya waziri huenda likafuata jina la yeyote aliye karibu. Kabla hajatajwa, alivua wigi, akajiuliza kama ametishwa, akajijibu kwamba hapana, akajipokelea ungamo lake na kujipa kifungo cha nje.

Waziri wa Matangazo alikiri kwa simu kabla hajaambiwa kosa, akamtaja Waziri wa Nishati. Waziri wa Nishati alimtaja Mkuu wa Jimbo, kisha akaona huyo ni mdogo mno akaomba abadilishe. Kufikia alasiri, Baraza zima la Mawaziri lilikuwa limepanga foleni koridoni, bibi harusi amebanwa katikati yao na maua yake, akijaribu kueleza kwamba yeye amekuja kuolewa. Walimshauri akiri kwanza, hawezi kujua.

Jina la mwisho lilikuwa la Rais. Halikuwepo lingine juu yake la kulitaja, na hivyo yeye peke yake hakupata punguzo. Alikiri kwa heshima kosa la Kujikatiza Hotuba kwa Unyenyekevu, akahukumiwa kuimalizia. Adhabu hiyo tuliitumikia sisi, uwanjani, siku mbili.

Dereva aliyenyonya mafuta hakutajwa na mtu. Jina la dereva halina punguzo. Nasikia amepandishwa cheo, maana katika ofisi zote za Jimbo la Kati ndiye pekee asiye na kosa kwenye kumbukumbu zake.

Na kwa kuwa ndiye aliyetangulia kukiri, Bi Mwatumu aliachiwa jioni ile. Alipofika kwake, mtoto alikuwa ameshazaliwa, wa kike, mwenye sauti. Alimkanda mzazi, akamfukuza Kassimu jikoni kwa upole. Majirani walijaa uani na sukari, unga na kuku. Walimpongeza kwa kukata waya. Walisema mkono wake ubarikiwe, na mwanamke mmoja aliubusu, ule wa kushoto. Bi Mwatumu alifungua mdomo kusema jambo, akaufunga, akasema ahsanteni.

Maana nyuma yake aliingia Koplo Mbwiga na kiti chake cha kukunja. Alikuwa ametumwa kusimamia kifungo cha nje. Alieleza masharti kwa adabu akiwa na kitumbua mkononi: mtu aliyekiri haruhusiwi kukana tena maisha yake yote, mahali popote, mbele ya yeyote. Akisema siku moja kwamba hakutenda, makubaliano yanakufa na miaka thelathini inafufuka.

"Hata kwa mwanangu?"

"Hata kwa mto wa kulalia, mama."

Siku ya saba Bi Mwatumu alikuwa chumbani na beseni la maji vuguvugu, anamwogesha mjukuu. Koplo aliketi mlangoni na chai yake na kitumbua. Mwanahawa alikuwa amejinyoosha kitandani, bado mdhaifu, na kwa muda mrefu alikuwa akimtazama mama yake.

"Mama."

"Ee, mwanangu."

"Watu wa nje nawasikia wanavyosema. Kassimu naye kila siku ananiambia mama yako ni shujaa. Mimi nataka kwako. Niambie kweli. Uliukata ule waya?"

Koplo Mbwiga aliacha kutafuna.

Bi Mwatumu alimtoa mtoto majini, akamfuta, akamfunga vizuri kwenye kanga mpaka ukabaki uso tu. Kisha akamwinua, akaweka mdomo kwenye sikio lake dogo, akanong'ona. Alinong'ona kwa muda, kama mtu anayesimulia jambo tangu mwanzo wake, na mara moja alitikisa kichwa kwa nguvu, kushoto na kulia.

"Umemwambia nini huyo?" aliuliza Koplo, akisimama.

"Ya kwetu, Afande."

"Kuhusu waya?"

"Muulize mwenyewe. Huyu hapa."

Koplo Mbwiga aliweka kikombe chini. Alivuta shati lake, akakohoa, akainama juu ya mtoto, akamuuliza kwa sauti ya serikali ameambiwa nini na bibi yake. Mtoto alifumbua jicho moja, akamtazama afisa wa Shirikisho, akapiga mwayo mkubwa usio na jino. Koplo alisubiri. Aliuliza tena. Alisubiri tena.

"Anakataa kusema," alisema mwishowe, na ilionekana wazi hajui sheria inataka afanye nini na mtu wa namna hiyo.

Mwanahawa alianza kucheka. Alishika tumbo lililokuwa bado linamuuma, akacheka tena, machozi yakamtoka.

"Basi, Mama," alisema. "Nimesikia."